Vipimo vya Mteja Aitwaye Mimi

Fundi Futi hakuwa na mchezo katika vipimo. Futi yake ya kupimia nguo ilikaa shingoni kutwa nzima, na mumewe aliapa kwamba siku moja mkewe ataoga nayo. Cherehani yake ilikuwa barazani. Pembeni palikuwa na daftari lenye kifua, kiuno na nyonga za mtaa mzima. Akiletewa kitambaa asichokijua, aling'oa uzi mmoja akauchoma kwa kiberiti. Ukiwa jivu, ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda, ni nailoni.

"Sishoni kwa kubahatisha mimi," alisema.

Asubuhi moja alikuja jirani yake kupunguziwa koti jeupe la kazi. Jirani huyo alikuwa mpimaji wa maabara ya hospitali. Fundi alipokuwa akitafuta pini, jirani akafungua daftari ili atafute vipimo vyake. Akakuta ukurasa wa ajabu.

"Mimi: robo inchi. Mimi: nusu inchi. Mimi: robo tatu," akasoma kwa sauti. "He! Huyu Mimi anashonewa nini? Mbona anaongezeka tu?"

Fundi alikuwa na pini mbili mdomoni. Nusura azimeze.

"Ni uvimbe," akasema polepole. "Titi la kushoto. Usinitazame hivyo! Nauangalia. Kila Ijumaa naupima."

"Kwa futi?"

"Na alama naweka kwa chaki."

Jirani hakujua acheke au alie. Akavuta kiti akakaa. "Mwenzangu, umeujua ukubwa wake, lakini hujui ni kitu gani. Miezi mingapi sasa?"

"Mitano."

"Basi kesho twende hospitali. Daktari atachukua kinyama kidogo kwa sindano, nasi maabara tukipime."

"Thubutu! Uvimbe ukichokonolewa unasambaa. Nimesikia kwa wateja."

"Wateja hao hao wanaosema wamepungua kiuno?"

Fundi akacheka bila kupenda. Jirani hakumpa nafasi. "Ukichoma uzi, kitambaa chote kinaungua?"

"Aa, uzi mmoja tu."

"Na sisi tunataka uzi mmoja. Sindano ya daktari haisambazi ugonjwa. Tena uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ikiwa ni saratani, zipo aina nyingi, na kila aina ina dawa zake. Tukipima kinyama, tunajua ni ipi."

"Lakini redioni wamesema kuna kipimo cha damu tu. Si ningoje hicho?"

"Wataalamu bado wanakifanyia utafiti. Huenda siku za mbele tone la damu litasema mengi. Lakini uvimbe unaoushika kwa mkono leo haungoji mtindo wa mwaka kesho."

Fundi akaikunja futi, akaikunjua. "Naogopa," akasema. "Nikiambiwa ni saratani, nani atawalea wanangu?"

"Ogopa, mwenzangu. Lakini uogopee njiani, tukienda."

Wakaenda. Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani, ila haijasambaa. Fundi alilia mpaka futi ikalowa.

Mumewe aliposikia, alitoka mbio. Alikuwa muuza vipuri vya baiskeli, mtu mwema lakini mwenye haraka. Akarudi na kopo la vidonge.

"Mama watoto, usilie! Dada yangu si alikuwa na saratani ya titi akapona? Hivi vilibaki. Meza viwili sasa hivi!"

Fundi akafuta machozi. "Baba watoto, mtu akija dukani kutaka tairi, unamuuliza nini?"

"Namuuliza ni la baiskeli gani."

"Halafu mimi unanipa tairi la wifi!"

Fundi akamweleza kama alivyoelezwa na daktari. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli za saratani yake zilikuwa na kitu kama vifungo vingi kwa nje. Iko dawa ya sindano inayotengenezwa maabara kwa kutumia seli hai. Utaalamu huo huitwa bioteknolojia. Dawa hiyo hunasa kwenye vifungo hivyo na kuzuia saratani isikue. Saratani ya wifi haikuwa na vifungo vile.

"Kumbe hata saratani ina saizi!" mume akasema. Akarudisha kopo kwa dada yake, kimya kimya.

Matibabu hayakuwa lelemama. Fundi alipasuliwa, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano zile kwa miezi mingi. Nywele zikamtoka. Mumewe akanyoa zake amuunge mkono, na mtaa mzima ukajua kwamba kichwa chake kina kona.

Baada ya zaidi ya mwaka, daktari alimwambia haoni tena dalili ya saratani, ila aendelee kuja kuangaliwa. Siku hizi Fundi akimpima mwanamke kifua, humwuliza, "Umejikagua matiti mwezi huu? Ukikuta kitu, nenda hospitali. Usikipime kwa futi, nilishapima mimi kwa niaba yenu."

Jioni moja aliufungua ukurasa ule. Miaka yote alishonea watu, hakuwahi kujishonea mwenyewe. Akajipima mbele ya kioo. Upande wa kushoto ulikuwa umepungua. Akauandika kama ulivyo, bila kuona haya. Kisha akakata kitambaa.

"Gauni la nani hilo?" mumewe akauliza.

"La Mimi."

"Na suruali yangu ya tangu mwaka juzi?"

"Panga foleni, baba watoto. Mimi amesubiri zaidi yako."