Maiti Kwenye Wando wa Tijani

Maiti ya Lamjed ilikutwa asubuhi ndani ya wando wa Tijani, mtego wake wa samaki baharini, kifudifudi, imebanwa kwenye uzio wa makuti pamoja na samaki walionasa humo. Tijani mwenyewe ndiye aliyewapigia polisi simu.

Kisiwa kizima cha Kerkennah kilijua kwamba Lamjed alikuwa akivusha vijana kwenda Italia kwa boti yake. Kilijua pia kwamba yeye na Tijani walikuwa hawasalimiani. Inspekta Hatem alipofika ufukweni, watu walikuwa wameshahukumu.

"Mfunge tu, Inspekta," mvuvi mmoja alisema. "Tukatazame mitego yetu."

"Nani anaua, halafu anaiweka maiti kwenye mtego wake mwenyewe?"

"Tijani. Humjui wewe. Hata pweza anamzidi akili."

Watu wakacheka kidogo. Tijani hakucheka.

Hatem aliinama juu ya maiti. Kucha za mikono yote miwili zilikuwa zimevunjika, na chini yake mlikuwa na unga mweupe.

Mchana Daktari Olfa alimpigia simu kutoka chumba cha maiti, Sfax.

"Alikufa maji," alisema, "lakini si ya bahari. Ya mapafuni hayana chumvi. Na huo unga wa kuchani ni chokaa."

Kisiwa hakina mto. Maji ya namna hiyo hukaa kwenye visima vya mvua vilivyochimbwa uani, kuta zake zimepakwa chokaa.

Hatem akaenda kwa Tijani, aliyeishi ua mmoja na dada yake Beya, mjane. Beya akaandaa chai. Alifungua chupa ya maji ya dukani, akamimina kwenye birika.

"Bi Beya, mvua imenyesha wiki nzima. Kisima chenu hakijajaa?"

"Kimejaa."

"Na chai unapikia maji ya kununua?"

Tijani akadakia, "Njiwa amefia humo."

"Nionyesheni."

Hakuinuka mtu. Hatem akaenda mwenyewe, akasogeza kifuniko, akamulika kwa tochi. Juu kidogo ya maji, chokaa ilikuwa imekwaruzwa ukuta mzima, pote ambapo mikono ya mtu anayeelea ingefika.

"Ni mimi," Tijani akasema nyuma yake. "Nilimsukuma."

"Mlikuwa hamsalimiani. Aliingiaje uani kwako?"

Beya akawafuata kisimani.

"Mwache kaka yangu," Beya alisema. "Yeye aliikuta maiti, akaibeba. Lamjed nilimwita mimi, aje aninasulie bomba la pampu."

"Nilimtupa mbali sana," Tijani akanong'ona. "Mkondo ukanirudishia."

Beya alikaa chini. "Kila mwezi Lamjed alipita hapa na salamu za Seif, mwanangu. Seif yuko Palermo. Seif anapaka rangi majumba. Seif anasema usisahau dawa zako za sukari. Miaka miwili. Siku ile nikamwambia mdogo wake Seif naye anataka kwenda, ampeleke kwa kaka yake. Lamjed alikuwa kisimani, maji yanamfika kifuani, miguu haigusi chini, ameshika ngazi ya kamba. Akaanza kulia. Akasema boti ilipinduka, Seif hakufika, na yeye hakujua aniambieje."

"Ukafanya nini?"

"Aliachia ngazi ajipanguse uso. Nikaivuta. Nikafunika, nikakalia kifuniko."

"Aliita?"

"Aliita. Aliniita mama."

"Ulimuua kwa sababu alikudanganya?"

"Uongo ningemsamehe, mwanangu. Alipokuwa akinidanganya, nilikuwa na Seif."

Hatem akamwambia achukue shali, waende. Mlangoni Beya akasimama.

"Huko niendako wanachukua simu?"

"Wanachukua."

Akaitoa kifuani, akamkabidhi. "Basi kaa nayo wewe. Ikipiga namba ya Italia, pokea upesi. Lamjed alizoea uongo. Huenda hata hilo la mwisho alidanganya."

Hatem akaipokea, akaitia mfukoni bila kuizima.