Mama Mdogo wa Ng'ambo ya Daraja

Zipu ya begi ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Bado kulikuwa na giza na nyumba nzima ilikuwa kimya, isipokuwa zipu hiyo. Mpima ardhi akajigeuza kitandani, akatabasamu. Alijua ni binti yake wa miaka tisa, ambaye kwa wingi wa maneno yake wote walimwita Chiriku.

"Lala, mama," alimwambia kupitia ukutani. "Basi halituachi."

"Nahakikisha soksi tu, Baba."

Ilikuwa nyumba ya amani, wasomaji wangu, siwadanganyi. Mume hakuwa mlevi wala hakumfokea mtu, na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimsifu mbele ya watu. Kosa lake halikuwa la kuonekana sebuleni.

Safari aliipanga mkewe. Alikuwa amesoma gazetini habari za mtaa wa wasanii kando ya mto, katika jiji kubwa. Kiwanda cha zamani cha kutia nguo rangi kilikuwa kimegeuzwa vyumba vya wachoraji, wafinyanzi na wahunzi, na wageni hulala humo humo ghorofani. Wangekaa siku nne. Mume alikubali kabla hajauliza ni kiwanda kipi. Alipouliza na kujibiwa, chai ilimpalia.

Kiwanda kile alikijua. Mama mdogo wake, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki, alifanya kazi mle miaka ishirini na mitatu. Alikuwa akitumbukiza vitambaa kwenye mapipa ya rangi ya buluu, mpaka mikono yake ikashika rangi hadi viwikoni, isitoke kwa sabuni wala kwa ndimu. Mikono hiyo ndiyo iliyomsomesha kijana, na ndiyo aliyoionea haya. Siku ya mahafali ya chuo wenzake walimuuliza yule mama mwenye mikono ya buluu ni nani. Akajibu, "Jirani yetu wa nyumbani."

Mama mdogo alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alisikia. Akaipokea kamera ya mmoja wao, akawapiga picha vijana wote, akiwaambia wasogeleane wapendeze.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Harusini hakumwalika. Alimwambia mkewe kwamba mama mdogo alihamia mbali na hajulikani alipo, wala hakumtajia mtaa aliokulia, na mtoto alipoanza kuuliza akaambiwa vivyo hivyo, kwamba bibi anaishi mbali sana. Uongo ule ulianza na neno moja tu, na sasa ulikuwa na umri wa kwenda shule.

Siku ya kwanza kule mtaani alivaa kofia na kuishusha mpaka kwenye nyusi. Walimwona mhunzi akiunda ndege kwa minyororo ya baiskeli. Mfinyanzi mmoja alimwachia Chiriku aweke viganja kwenye udongo unaozunguka, na chungu kilipopinda akasema, "Kiache hivyo hivyo, kinacheka." Mwalimu alifurahi kama mwanafunzi aliyeachiwa mapema. Kisha Chiriku akabanwa na haja ndogo. Baba yake, bila kufikiri, akawapitisha nyuma ya tangi kuu, akashuka ngazi tatu, akakata kona mbili, na choo kikawa mbele yao.

"Umejuaje?" mkewe akamuuliza.

"Nimekisia."

"Ngazi tatu na kona mbili, umekisia?"

"Si mimi mpima ardhi? Viwanja hunijia vyenyewe."

Mkewe akacheka. Mumewe hakucheka. Jioni walikaa roshanini wakitazama mto. Ng'ambo ya daraja yalionekana mapaa ya bati, na moja kati ya hayo alilijua hata kwa kutu yake. Akageuza kiti chake, akaupa mto mgongo.

Siku ya pili waliingia chumba kilichokuwa na mapipa zamani. Ukutani palikuwa na picha kumi na mbili, zote za mwanamke mmoja mzee. Mwenye picha alikuwa mchoraji mwenye aproni iliyochafuka, akiwaeleza wageni polepole.

"Huja kwangu kila Alhamisi," alisema. "Nilimuuliza nimlipe nini kwa kunikalia nimchore. Akaniambia, nichemshie chai na uizime redio. Anasema saa tatu zile kuna mtu anamwangalia."

Mpima ardhi alikuwa ameshaiona mikono. Ilikuwa imepakatwa mapajani, buluu imefifia, lakini kwenye kucha ilikuwa bado imelala.

"Baba," Chiriku akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "huyu bibi ana kidevu chako."

Mwanamume mmoja mnene, mgeni kama wao, akacheka, kisha akamuuliza mchoraji, "Hana mtoto huyu mama?"

"Anaye, wa kumlea. Ni mpima ardhi, ana kazi nyingi. Hayo ni maneno yake mwenyewe, wala hamsemi vibaya. Anayemsema ni mimi." Mchoraji akafuta mikono kwenye aproni. "Macho yanamwisha. Daktari anataka kumpasua, lakini lazima awepo mtu wa kumshika mkono na kumuuguza nyumbani. Nimesema mimi nipo. Anakataa. Ameahirisha mara mbili, anasema mwanawe atakuja. Jicho la kushoto limeshapotea katika kungoja huko. La kulia ana nafasi kesho kutwa, na asipofika, haijulikani kama itapatikana nyingine."

"Mtoto wa namna gani huyo?" akasema yule mnene. Akamgeukia mpima ardhi, kama watu wanavyotafuta mwenzao wa kukubaliana naye. "Au vipi, kaka?"

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na nafasi. Angeweza hata kunyamaza. Lakini mwenye hofu ya kujulikana huongea kuliko wote. Akasema, "Kuna watu hawana utu kabisa."

Akasikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta. Mkewe alikuwa anamtazama. Hakuwa akitazama picha tena, bali kidevu chake, kisha kofia, kisha viatu.

"Chiriku," mwalimu akasema, "kamwombe mhunzi akuonyeshe mkia wa yule ndege. Usitoke nje ya ua."

Waliegemea ukingo wa mto, yeye na mkewe. Chini yao maji yalikuwa yakipita na vipande vya magugu. Alimweleza yote, kuanzia mahafali. Aliongea akiangalia maji kwa sababu hakuweza kuangalia kitu kingine.

"Kwa hiyo harusini," mkewe akasema, "nilipomlilia mama mdogo wako nisiyemjua, kwamba amepotea, wewe ulinifuta machozi."

"Ndiyo."

"Kwa kitambaa changu."

"Ndiyo."

"Sitakusaidia kusema," mwalimu akasema. "Nitakwenda na wewe, nitabisha hodi na wewe, lakini maneno ni yako."

Asubuhi ya siku ya tatu walivuka daraja. Ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Kazi yake ni kupima, lakini umbali ule hakuwahi kuupima miaka kumi na mmoja.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, mama mdogo alikuwa anachambua mchele kwa vidole, uso ameuelekeza dirishani.

"Karibu," alisema. "Kama ni kijana wa kuleta maji, ndoo iko pale pale."

Mpima ardhi alisimama kizingitini. Kofia aliishika mkononi, akaizungusha, akaizungusha. Mkewe alitimiza neno lake, hakusema kitu. Lakini Chiriku hakuwa ameahidi kitu.

"Shikamoo, Bibi. Sisi si wa maji. Mimi ni Chiriku, na huyu ni mama, na huyu ni baba, lakini haongei."

Mchele ukamwagika kidogo kutoka kwenye ungo. "Marahaba," akasema mama mdogo taratibu. "Njoo nikuone." Akapitisha vidole kwenye paji la uso la mtoto, kwenye pua, akafika kidevuni, akakaa hapo.

"Baba alisema unaishi mbali sana," Chiriku akasema.

"Ni mbali kweli, mjukuu wangu," mama mdogo akajibu. "Si kuna daraja zima hapo?"

Mpima ardhi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kufukuzwa. Kwa lile jibu hakuwa amejiandaa. Akapiga magoti juu ya mchele uliomwagika, na wakati huo binti yake anatazama.

"Si mbali, mama mdogo. Nilidanganya. Nilisema wewe ni jirani. Nilikuonea haya."

"Nilisikia," alisema. "Nilisimama nyuma yako siku ile." Hakumwambia basi, yameisha. Alinyoosha mkono, ule wa buluu, akautafuta uso wake mpaka akaupata. "Umekonda. Hawakupi chakula huko kwenye kazi nyingi?"

Mkewe akatoka nje, akalilia ukutani.

Siku ya nne hawakwenda kuona wasanii. Waliketi kwenye benchi la hospitali ya macho, na mpima ardhi alimshika mama mdogo mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Kabla ya kuingia, daktari alimwita pembeni. "La kulia tutaliokoa. La kushoto, ungemleta mwaka juzi." Mpima ardhi akachukua kalamu. Akaandika kwenye fomu, mahali palipoandikwa uhusiano: mwanawe.

Likizo yao iliongezwa wiki mbili. Bandeji ilipofunguliwa, mama mdogo aliona kwanza sufuria, kisha Chiriku, kisha mwanawe, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Mchoraji alileta maandazi na hakusema neno juu ya siku ile chumbani mwa picha, ingawa alimtambua mara moja. Nadhani huo nao ulikuwa wema. Lakini mpima ardhi hakuweza kumtazama machoni, na hadi leo anashindwa.

Funzo

Wanangu, aibu tunayowaonea wazee wetu haiwachafui wao. Hutuchafua sisi, na sabuni yake ni kusema kweli mbele ya yule yule tuliyemdanganya. Usimkane aliyekulea kwa sababu kazi yake imemwachia alama, maana ndiyo kazi iliyokusomesha. Usiseme una shughuli, na siku nne za kutembea unazo. Na ujue kwamba kusamehewa si kurudishiwa kila kitu. Yule mama amesamehe, lakini jicho la kushoto halioni, na mwanawe hulikuta pale pale kila anapomsalimu.

Asubuhi ya kuondoka kwao mama mdogo alisimama mlangoni, akaziba jua kwa kiganja ili awaone vizuri. Hakuomba zawadi wala hakuwakumbusha lolote. Alimwinamia Chiriku, lakini sauti ilikuwa ya kusikika na wote.

"Mtakuja tena lini? Hata kama hamna muda, piteni mnywe maji tu, mwende."