Mahoro, Foni na Mpiga Mluzi

Kabla lori la kwanza halijapanda kutoka Muganza, kule Rwanda, Mahoro huwa ameshafagia kibanda chake. Vumbi la mawe ni jeupe na linarudi kila siku, naye hachoki kulifagia. Akimaliza, anafunga nyaya kwenye betri kuukuu ya lori na kuwasha foni.

Foni ni redio ya kuongea. Ina kipaza sauti cha kushika mkononi, na pembeni yake kuna kitufe. Ukikibonyeza, unasema. Ukikiachia, unasikia. Kila lori la chama cha madereva lina foni kama hiyo, na chama kina kibali cha kuzitumia. Simu za mkononi hazisaidii pale. Katikati ya milima mtandao unapotea, tena dereva mwenye mzigo wa mawe anahitaji mikono yake yote.

Chini ya kibanda kuna kona nyembamba. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde. Malori mawili hayapishani hapo. Kwa hiyo dereva anayepanda huita akiwa chini, anayeteremka huita akiwa juu, na Mahoro ndiye anayesema nani apite na nani angoje. Mume wake, Nasiri, ni mmoja wa madereva hao. Kila akimwambia "pita", Mahoro hutega sikio mpaka ngurumo ya lori lake itoke kwenye kona. Ndipo anashusha pumzi.

Wakati wa habari hii Mahoro alikuwa na kazi nyingine pia. Wakulima wa mpunga na madereva walimwachia simu zao azichaji kwa umeme uliofika kibandani. Alikuwa na chaja moja pana, yenye matundu mengi, ambayo Nasiri alimletea kutoka sokoni Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mvua zikikaribia. Kufika saa nne, meza yake ilijaa simu kama duka.

Mvua zilipoanza, mambo mawili yaliingia kwenye foni.

La kwanza lilikuwa kelele. Alfajiri foni ilikuwa safi. Jua likipanda, ilianza kuvuma, zzzzz, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

La pili lilikuwa mtu. Hakuna aliyemjua. Alikuja mchana, na kila mara alianza kwa adabu.

"Asalaam aleikum, maman wa foni."

Mahoro alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Kamembe. Kwao, salamu haiachwi bila jibu. Hata bibi yake, alipokuwa mgonjwa wa kitandani, aliitikia kila salamu iliyopita mlangoni. Basi Mahoro alibonyeza kitufe akajibu, "Waaleikum salaam."

Hapo mtu yule alichangamka. Alipiga mluzi. Aliimba. Aling'ang'ania kitufe chake, na muda wote huo hakuna dereva aliyepata nafasi ya kusema. Madereva walimtukana. Yeye akawajibu kwa wimbo mwingine. Wakampa jina la Mpiga Mluzi.

"Ule muntu eko na mashine," alisema Valens, dereva kijana mwenye maneno mengi, kwa Kiswahili chao cha mpakani na Kongo. "Kinywa kinapiga mluzi, mashine inapiga zzzz. Njo vile."

Wote waliamini hivyo. Mahoro naye aliamini.

Siku moja, wakati wa adhuhuri, Valens aliita akiwa juu, karibu na kibanda. "Maman Gasaro, niteremke?" Gasaro ni binti wa Mahoro na Nasiri.

Mahoro alisikiliza kama kuna mtu chini. Alisikia nyuki wa debeni, basi. Hakusikia lori.

"Teremka," alisema.

Kumbe Nasiri alikuwa ameshaita kutoka chini. Sauti yake ilitoka mbali, ikamezwa na kelele. Naye, kwa ngurumo ya injini yake, alisikia sauti ya Mahoro bila neno lenyewe, akadhani ameambiwa apande. Malori mawili yalikutana katikati ya kona. Breki zililia. Yaliposimama, mkono wa mtu usingepita kati ya pua zao.

Nasiri alifika kibandani akitembea kwa miguu. Aliketi kwenye benchi, akanywa maji.

"Niliita, Maman Gasaro," alisema mwishowe.

"Sikukusikia."

"Najua. Kama ungesikia, ungesema."

Maneno hayo yalimuumiza Mahoro kuliko lawama.

Mzee Munyemana, mkuu wa chama, alikuja jioni ile ile. Hakupandisha sauti. "Foni isiyosikika ni mbaya kuliko kukosa foni," alisema. "Muntu anaitegemea, kumbe inamudanganya. Tutengeneze, ama tuiondoe, kila dereva apige honi na kumuomba Mungu."

"Mimi niko na dawa," alisema Nasiri. "Kule Bukavu banauza mashine ya kuongeza nguvu ya foni. Tukifunga ile, Mpiga Mluzi hatasikika tena. Tutamufunika."

"Na mimi nitamutafuta nyumba kwa nyumba," alisema Valens. "Nikimupata, ataimba wimbo wa kweli."

Mahoro alikuwa anafikiria ile kona.

Asubuhi iliyofuata, Vénantie alipita kuacha simu yake. Vénantie ni jirani yao. Analima mpunga, ni mrefu, na haharakishi jambo lolote. Alikulia Kongo, na kabla ya kurudi Rwanda alifanya kazi ya foni katika hospitali moja ya kule, miaka mingi. Mahoro alijua habari hiyo, lakini aliona aibu kumsumbua mtu mzima kwa shida zake. Siku ile aibu ilimtoka. Alimweleza yote, tangu nyuki mpaka kona.

Vénantie aliweka kikapu chini. "Bon," alisema. "Nisikilize hiyo kelele kwanza."

Saa hiyo simu zilikuwa zimeshachomekwa. Foni ilivuma. Vénantie alizungusha nyuma ya foni ule waya unaokwenda kwenye anteni, akauchomoa. Kelele ikakoma.

"Unaona? Foni yako ni nzima. Kelele inatoka inje, inaingia kwa anteni." Aliurudisha waya, akaukaza vizuri. "Sasa zima umeme wa kibanda. Foni iko kwa betri, haitazimika."

Mahoro alizima umeme. Nyuki walinyamaza. Kibanda kizima kilinyamaza. Mara, kutoka mbali sana, ilisikika sauti ya dereva akimwuliza mwenzake kama amekula.

Mahoro alishika shavu. "Mpiga Mluzi amezima mashine yake?"

"Mpiga Mluzi hana mashine, mwanangu. Ngoja."

Vénantie alitoa kikapuni redio ndogo ya betri, ile anayosikilizia habari akiwa shambani. Aliizungusha mpaka mahali pasipo na stesheni. Akamwambia Mahoro achomoe kila kitu, arudishe umeme, kisha awashe kitu kimoja kimoja. Mahoro aliwasha taa. Redio ndogo ilikaa kimya. Akawasha pasi. Kimya. Akachomeka chaja. Redio ikavuma, na Vénantie alipoisogeza karibu na chaja, ikanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga.

Mahoro alitazama ile chaja. Ilikuwa mezani pake, mkono mmoja tu kutoka kwenye foni. Yeye mwenyewe aliiwasha kila asubuhi.

"Kumbe ni mimi," alisema polepole.

"Ni chaja," alisema Vénantie. "Chaja za namna hii, na taa zingine, na mota za zamani, zinatoa kelele isiyosikika kwa sikio, lakini foni inaisikia. Anayezitumia hajui. Njo maana kabla ya kumushitaki muntu, tunaanza kwetu. Tunazima kimoja kimoja." Alikaa kwenye benchi. "Sasa tuseme juu ya ule muntu. Yeye ni shida ingine. Mulichanganya shida mbili mukaziita moja. Anapokuja, munafanya nini?"

"Madereva wanamtukana."

"Na wewe?"

"Ananisalimia. Namjibu."

Vénantie alicheka kidogo, bila kumcheka. "Ule muntu anavua samaki, Maman Gasaro. Salamu ni chambo. Anataka sauti ya kumujibu, basi. Tusi ni jibu. Kumubembeleza ni jibu. Hata kusema 'tafadhali nyamaza' ni jibu. Mukikaa kimya wote, atavua mto usio na samaki."

"Lakini salamu yetu, Maman Vénantie. Siwezi kuiacha."

Vénantie hakuharakisha kusema. Mahoro alilipenda jambo hilo kwake. Watu wengine wangesema, acha mambo hayo.

"Salamu unaijibu kwa kitu gani?" aliuliza Vénantie.

"Kwa kinywa."

"Na kidole?"

Mahoro alikitazama kidole chake. Akatabasamu.

Jioni ile Vénantie alikaa na madereva wote kibandani. Aliongea kwa sauti ile ile ya asubuhi, na hata Valens alinyamaza.

"Papa Gasaro, ile mashine ya kuongeza nguvu uiache," alimwambia Nasiri. "Kibali chenu hakiiruhusu. Tena itasumbua redio na televisheni za majirani, na mutakuwa nyinyi ndio Mpiga Mluzi. Kelele haifukuzwi kwa kelele."

"Na mimi, nisimutafute?" aliuliza Valens.

"Ukimupata utafanya nini? Utamupiga, wewe ufungwe, yeye aimbe. Mukumbuke siku na saa anazokuja. Mzee Munyemana atapeleka habari kwa ofisi inayosimamia mawasiliano. Beko na vyombo vya kumutafuta. Ni kazi yao."

Halafu waliweka chaneli ya pili. Waliichagua hapo hapo, ana kwa ana, na wakakubaliana kwamba hakuna atakayeitaja kwenye foni. Mpiga Mluzi akiziba ya kwanza, kila mmoja anazungusha kidude cha chaneli kimyakimya na kuhamia ya pili.

"Na jambo la mwisho," alisema Vénantie. Alimgeukia Mahoro, akalisema kwa upole. "Siku ile ulisikia kelele ukafikiri ni njia wazi. Usiposikia jibu, usimuruhusu muntu. Uulize wa chini, uulize wa juu. Kila mumoja ataje jina lake na pahali alipo, na akirudie ulichomwambia. Kama kuna shaka, wote banasimama."

"Watakasirika kungojea," alisema Mahoro.

"Bakasirike," alisema Nasiri. "Mimi nitakuwa wa kwanza kungojea."

Chaja ilihamia kwa Uwimbabazi, muuza ndizi, mbali kule mwisho wa senta ya biashara. Valens alilalamika wiki nzima kwamba simu yake sasa inatembea kuliko yeye. Lakini foni ilikuwa safi kutwa nzima.

Mpiga Mluzi alirudi siku ya mvua kubwa. Valens alikuwa juu, lori limejaa, anangoja zamu.

"Asalaam aleikum, maman wa foni."

Mahoro aliweka kipaza sauti mezani. "Waaleikum salaam," alisema kwa midomo yake, na kidole chake kikabaki mapajani.

Kimya. Mtu yule alipiga mluzi. Hakuna aliyemtukana. Akaimba. "Mumelala?" aliuliza. "Maman, umekasirika?" Kisha akaanza wimbo tena na kung'ang'ania kitufe.

Mahoro alizungusha kidude mpaka chaneli ya pili. Hapo sauti ya Valens ilikuwa inamngoja. "Maman Gasaro, niko juu. Niteremke?"

"Valens, ngoja. Nauliza chini. Nani yuko chini?"

Hakuna jibu. Mvua ilipiga mabati. Zamani angesema, teremka.

"Chini, nani yuko? Semeni jina na mahali."

Hakuna jibu.

"Maman, njia iko wazi, mawe yangu yanalowa," alisema Valens.

"Mawe hayaogopi maji, Valens. Simama juu. Rudia."

Valens aliguna. "Nasimama juu."

Mahoro aliuliza tena. Akainama mpaka sikio lake likakaribia kugusa foni. Ndipo ikaja, ndogo kama sauti ya mtu aliye ndani ya kisima.

"Nasiri. Niko kwenye mdomo wa kona, nilikuwa nangoja zamu, nikatoka inje kutazama matairi. Tairi la nyuma linateleza kwa tope. Musiteremushe muntu."

Mahoro alibonyeza kitufe. "Nimekusikia, Nasiri. Uko kwenye kona, umekwama. Valens amesimama juu. Hakuna anayeteremka."

"Hakuna anayeteremka," alirudia Nasiri. "Sawa."

Valens aliteremka kwa miguu akiwa na koleo na majani ya migomba, akamsaidia Nasiri kuweka majani chini ya tairi. Walichelewa wote wawili. Mpiga Mluzi, kwenye chaneli ya kwanza, aliimba peke yake mpaka akachoka.

Lori la Nasiri lilipofika kibandani, lilikuwa na tope mpaka madirishani. Alishuka, akasimama mlangoni.

"Nilisikia kila neno," alisema. "Kama uko ndani ya kabini."

Valens alikuja nyuma yake, suruali imejaa tope. Hakutania. "Maman Gasaro," alisema, "siku nitasema njia iko wazi, usinisikilize."

Majuma yaliyofuata Mpiga Mluzi alikuja mara chache, kisha mara chache zaidi. Habari zake ziko ofisini kwa wanaohusika. Mzee Munyemana hasemi tena juu ya kuiondoa foni. Madereva wapya wanapojiunga na chama, anawatuma kwanza kibandani, Mahoro awafundishe kuita, kurudia na kungoja. Mahoro huwaonyesha pia redio ndogo ya betri ya kutafutia kelele, ambayo Vénantie alimwachia.

Siku moja moja sauti ile bado hupita mchana, imepoa, bila mluzi. "Asalaam aleikum."

Mahoro huitikia salamu kama alivyofundishwa kwao, yote, mpaka mwisho. Kitufe hakiguswi, na njia ya kona inabaki wazi kwa mwenye kuihitaji.