Ndege Ilipotua Kwenye Makopa Yetu

Hapa Kitaji, jua likichomoza wanawake tunaanika makopa. Mihogo tumeshaimenya na kuipasua, inangoja jua tu. Zamani tulianika juu ya mwamba mkubwa nyuma ya nyumba ya Marcelina. Ulikuwa safi, na ulishika joto mpaka jioni. Kisha watu wa uwanja wa ndege wakaupasua kwa baruti. Walitaka kokoto za kutengeneza njia mpya ya ndege. Nani alituuliza? Hakuna.

Basi tukahamia kwenye njia ya zamani, ile iliyoachwa. Ardhi yake ni ngumu. Pembeni kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa mistari miwili mirefu, mmoja kila upande. Kila mama alianika makopa yake kufuata mawe hayo, asiingie sehemu ya mwenzake. Hatukugombana hata siku moja.

Ijumaa moja ndege ya barua ikaja kutoka upande wa ziwa. Hyasinta, binti wa Marcelina, alikuwa akigeuza makopa. Tukaiona ndege inashuka. Haikwenda kwenye njia mpya. Ilimjia yeye!

"Hyasi, lala chini!" mama yake akapiga kelele. "Lala!"

Msichana akalala kifudifudi. Bawa likapita juu yake. Magurudumu yakasaga makopa, na ndege ikaenda kusimama karibu na shimo la mchanga. Hyasinta akainuka, unga mwili mzima. Marcelina alimkumbatia akalia kwa sauti. Mimi Justina, jirani yake, nikampangusa msichana unga kwa kanga yangu.

Msimamizi wa uwanja akaja mbio. Alikuwa Mwingereza. Sisi tulimwita Bwana Kiko, maana kiko hakikumtoka mdomoni. Pole hakutoa.

"Mihogo yenu imemdanganya rubani!" akafoka. "Toeni yote leo! Nikiona mwanamke hapa tena, naita polisi."

Wengine tuliinama kuokota nyungo zetu. Marcelina hakuinama.

"Siondoki," akasema. "Tulikuwaga na mwamba wetu, mkaupasua. Tukaja hapa kwenye njia mliyoitupa wenyewe. Leo nusura mniulie mtoto, halafu mwenye makosa ni mimi? Siondoki mpaka niambiwe ndege ilifuata nini hapa."

"Hamduni!" Bwana Kiko akaita. "Mwambie huyu mwanamke aende!"

Hamduni alikuwa mfanyakazi wa uwanja, na ndiye aliyepaka mawe chokaa. Mke wake, Tabu, alianika pamoja na sisi. Hamduni akamtazama bwana wake. Akamtazama Tabu. Akakohoa.

"Shemeji, nitakueleza," akamwambia Marcelina. "Rubani akiwa juu, anatafuta rangi nyeupe. Akiona mistari miwili myeupe, anajua katikati ndiyo njia ya kutua. Sasa hapa kuna mistari minne. Miwili ni ya njia mpya, miwili ya zamani. Ile mipya imeoshwa na mvua, haionekani vizuri. Hii ya zamani inang'aa."

"Kwa nini inang'aa?"

"Kwa makopa yenu, shemeji. Siwezi kukuficha. Mmeyapanga kufuata mawe, mstari umezidi kuwa mnene. Lakini mawe yenyewe yalitakiwa yatoke siku njia ilipohama. Tena njia iliyofungwa huwekewa msalaba mkubwa mweupe. Rubani akiuona, hatui. Hapa msalaba haukuwekwa."

"Kwa hiyo nikiondoa makopa na mawe yakabaki, ndege inaweza kuja hapa tena?"

"Inaweza."

"Na watoto wanapitaga hapa kwenda kuchota maji!"

"Ndiyo, shemeji."

Marcelina akakalia jiwe moja jeupe, ungo mapajani.

"Bwana," akamwambia Bwana Kiko, "kosa langu nimelisikia. Makopa natoa. Na wewe toa mawe. Polisi waite, lakini waambie waje na mikokoteni ya kuyabebea."

Tukacheka, ingawa tuliogopa. Tabu akakalia jiwe lake. Mimi nikakalia langu. Bwana Kiko akawa mwekundu, akatutukana kwa Kiingereza. Shauri yake! Jua lilituchoma na hatukuondoka.

Kumbe rubani naye alikuwa akisikiliza. Alikuwa kijana. Akaja polepole, akamtazama Hyasinta, kisha akakalia jiwe karibu na Marcelina. Hapo Bwana Kiko akamwamuru Hamduni ayatoe mawe.

Kazi ikaanza siku ileile. Tulitaka kuyavurumisha mawe kila upande, lakini Hamduni akatuzuia.

"Msiweke jiwe popote mnapotaka," akasema. "Alama ikikaa mahali pabaya inaua mtu."

Alinyoosha kamba, nasi tukabeba. Mawe yale yale yakawa msalaba mkubwa katikati ya njia ya zamani. Mistari ya njia mpya ikapakwa chokaa tena. Njia yetu ya kwenda ziwani tukaizungusha nje ya uwanja.

"Na makopa nianike kichwani?" Marcelina akauliza.

Bwana Kiko akatupatia miti iliyobaki kwenye ua wa uwanja. Waume zetu wakajenga chanja za kuanikia nyumbani, juu ya nguzo. Makopa yalikauka vizuri, yakawa hayana mchanga, na kuku hawakuyafikia.

Ijumaa iliyofuata Hyasinta aliposikia mngurumo alikimbilia ndani. Mama yake akamshika mkono, wakaenda kusimama nje ya uwanja. Siku hiyo rubani alikuwa mwingine, aliyezoea njia ya zamani; ndege ikashuka, ikaelekea huko. Hyasinta akafumba macho.

"Fumbua," mama yake akasema. "Tazama."

Ndege ikauona msalaba. Ikapanda, ikazunguka, ikatua kwenye njia mpya.

Bwana Kiko akapita karibu nao. "Umeridhika sasa?"

"Bado," Marcelina akajibu. "Mvua ikinyesha nitakuja kuangalia chokaa."

Tulidhani anatania. Masika yalipokwisha, akaenda na Hyasinta mpaka kwenye ua wa uwanja.

"Mstari wa kushoto umefifia!" Hyasinta akapaza sauti.

Bwana Kiko alitazama mstari. Akatoa kiko mdomoni, akamwita Hamduni alete ndoo ya chokaa.