Ndani, Chini ya Diski D

Ilikuwa mchana mweupe, jua limesimama utosini, na ndiyo maana Sabra hakuogopa. Aliwasha kompyuta, akafungua This PC atafute CV ya mteja, akakuta chini ya diski C na diski D kuna kitu cha tatu. Kifolda chenye alama ya kibomba chini yake, ile alama inayokwambia kuwa vitu hivi haviko hapa, viko kwenye mashine nyingine huko. Network location. Jina lake: Ndani.

"Network na nani?" alijisemea.

Kompyuta ilikuwa moja tu nyumba nzima, na pengine mtaa mzima wa pale Mikindani.

Akabofya kulia, Delete. Ikaondoka. Alijisikia raha kidogo, maana ilikuwa kazi ya kwanza ya fani yake aliyoifanya wiki ile. Msichana ana degree ya kompyuta, degree ya kukesha, si ya kununua, na shughuli yake ni kuwachapia graduates wenzake barua za kuomba kazi ambazo watoto wa fulani walishapewa kabla tangazo halijatoka. Wakubwa wamesema vijana wajiajiri. Haya, amejiajiri: steshenari kwenye sebule ya bibi yake, printer inayotafuna karatasi, na router aliyoipachika kwenye kidaka, lile tundu la ukutani la nyumba za mawe za zamani, kwa sababu pale ndipo network ilipokuwa ikishika.

Baada ya alasiri Ndani ilikuwa imerudi. Na feni ya kompyuta, badala ya ile harufu yake ya vumbi na plastiki ya moto, ilikuwa inapuliza ubani.

"Bibi, unafukiza?"

"Nifukize na nini, mke mwenzangu? Chetezo si umekitupa stoo na mabeseni?" Bi Mwanahawa alijibu kutoka uani, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Miaka yote aliyobangua korosho, moshi wake ulikuwa bado umo kifuani.

Sabra akaifungua Ndani. Haikuuliza password. Mlikuwa na faili moja la sauti: Bibi anakohoa. Alilicheza. Ni yeye, mpaka na ile astaghfirullah ya mwisho. Akadhani simu imejirekodi na kujituma yenyewe, maana hao jamaa wa mitandao wanatusikiliza mpaka chooni. Akaifuta Ndani tena, akafunga duka.

Bi Mwanahawa hakukohoa tena. Asubuhi kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mwari. Dawa za zahanati hazikuwahi kufanya hivyo, basi wakafurahi, wakasema alhamdulillahi, bibi akaomba maandazi.

Kisha likaja faili la pili: Bibi anaita kuku. Siku hiyo kuku walisimama uani wakimtazama midomo. Alifungua kinywa awaite, hakikutoka kitu, ingawa maneno mengine yote alikuwa nayo. "Koo limekauka tu," alisema. Likaja la tatu, Bibi anasoma nyiradi, na tasbihi ikawa inatembea kwenye vidole vyake huku midomo imetulia kama ya mtu aliyelala. Sabra aliacha kujidanganya. Alifuta kwa mouse, akafuta kwa command, akaingia registry akang'oa kila alichokiona kina jina lile, mwisho akapiga format mashine yote akaweka Windows upya, na ilipowaka, safi, haina hata picha ya ukutani, harufu ya ubani ikamfikia kabla kioo hakijatulia, na chini ya diski D, Ndani ilikuwa imekaa inamsubiri.

Akampigia Gideoni. Kijana wa Njombe, walisoma darasa moja Dodoma, na Sabra ndiye aliyekuwa akimfundisha. Ila Gideoni ana mjomba. Kwa hiyo Gideoni ni afisa TEHAMA kwenye ofisi moja ya umma, anakaa Shangani nyumba ya kuonea bahari, na Sabra ni Sabra.

"Umechomeka flash za watu bila kuscan," alisema alipofika, ananukia perfume. "Usafi wa mashine, dada. Basic."

"Nisafishie basi, mheshimiwa mjomba."

Alicheka, akavuta kiti. Akazima Wi-Fi. Akachomoa router kutoka umeme, taa zake zikafa. Ndani ikabaki wazi, na mbele ya macho yao likaingia faili jingine: Bibi anacheka.

Gideoni alishusha sauti. "Sabra. Hii mashine haijaunganishwa na kitu chochote."

"Najua."

"Sasa linaingia kutoka wapi?"

"Ningejua ningekuita wewe?"

Hakupenda kuonekana hajui mbele ya mtu aliyemzidi darasani. Kabla Sabra hajamshika mkono, aliligusa faili lile, akabonyeza Shift na Delete, mashine ikamuuliza kama ana uhakika, naye akasema ndiyo. Uani Bi Mwanahawa alikuwa anamtazama mbuzi wa jirani aliyevaa ndoo kichwani, anacheka bila sauti, uso umechanua. Uso ule ulianguka kama nguo iliyokatikiwa kamba. Hawakuuona ukichanua tena.

Gideoni alikusanya waya zake kimyakimya. "Nisamehe," alisema mlangoni. "Mimi ni mtu wa kanisa, sijui hata niseme nini. Tafuta watu wanaojua."

Sabra alikaa mbele ya kioo na akili yake ya chuo, akaelewa alivyobanwa. Ukifuta kitu kilichomo ndani, kinakufa. Ukiondoa njia yenyewe, umepoteza njia tu, vilivyomo vinabaki huko viliko, na huko hakuna anwani. Bibi yake alikuwa anahamishwa kidogo kidogo kwenda mahali pasipo na anwani.

Mwalimu Yusufu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani na kusomea watu wazima wenye mashetani, alikuja siku ya pili asubuhi na bakuli la kombe, yale maji ya aya zilizooshwa, na kipande cha udi. Hakuitazama kompyuta. Alikitazama kidaka.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Chetezo cha bibi. Alikuwa anawafukizia wenyewe kila Alhamisi."

"Wenyewe wa nyumba. Na ulipokitoa, nani aliwaaga?"

Bi Mwanahawa alikuwa amebakiwa na maneno machache, anayatoa kama mtu anayetafuta sindano gizani. "Mimi," alisema. "Niliwaambia... mjukuu anatafuta. Wampishe. Wahamie humo... kwenye kisanduku cha taa."

"Lahaula," mwalimu alisema taratibu. "Bi Mwanahawa, umewapa makazi."

"Ningewafukuza? Ni wakubwa... nimewakuta."

Mwalimu akaanza kusoma. Spika za kompyuta hazikuwa zimechomekwa popote, waya wake ulikuwa umelala sakafuni, na bado zilikohoa kikohozi cha korosho, zikasema kwa sauti ya Bi Mwanahawa, sauti nzima, ya zamani, yenye nguvu:

"Tumehamishwa kwa adabu, tukahama kwa adabu. Kelele za nini, mwalimu?"

"Mnamla kikongwe wa watu."

"Tulikuwa tunapewa. Siku hizi hatupewi, tunajichukulia."

Sabra alimshika mwalimu kanzu. "Waulize wakitoka watamrudishia?"

"Tukihama tunahama na vyombo vyetu," sauti ilijibu, haikungoja kuulizwa. "Atutoe yeye. Mkono wake ndio uliotutoa kidakani."

"Mwalimu, nikiwatoa naye anakwenda. Nisipowatoa wanammaliza. Nifanyeje?"

Mwalimu Yusufu aliyatazama maji ya kombe, akaliweka bakuli chini, na hapo Sabra alijua kwamba yeye naye amefika mwisho wa anachokijua.

Ndipo kwenye kioo ukatokea ule mstari wa kijani unaotambaa faili linapohamishwa, na juu yake jina, Bibi anamjua Sabra, na mstari ukawa unakwenda pole, bila haraka, robo, ukavuka robo, na Sabra akageuka akamtazama bibi yake kwenye mkeka, mwanamke aliyemlea tangu mama yake afariki, aliyeuza shamba la mihogo ili yeye asome hiyo kompyuta, akaona macho yale yanamwacha, yanateleza usoni mwake kama macho ya mtu anayesoma bango la biashara asiyoihitaji, na mstari ukafika nusu, akabonyeza Cancel ikakataa, akabonyeza tena ikakataa, akarudi nyuma mpaka This PC, akaigusa Ndani, Delete, una uhakika, na akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayekiri kosa kituoni.

Ikaondoka. Akafanya refresh. Diski C, diski D, basi. Harufu ikakatika kama mtu amefunga mlango.

"Shikamoo, bibi," Sabra alisema, akapiga magoti kwenye mkeka.

Bi Mwanahawa alimshika mkono. Akautazama mkono ule kwa muda mrefu, kama anakaribia kukumbuka ni wa nani. Kisha akaurudisha pale ulipotoka, kwa heshima, kama unavyorudisha kitu cha watu.

Siku zilipita hivyo. Alikula akilishwa, alilala akilazwa. Neno hakutoa. Sabra aliiwasha kompyuta kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, akaangalia chini ya diski D. Hapakuwa na kitu, na hakuthubutu kumwambia mtu kwamba alikuwa anatamani kiwepo.

Gideoni alipiga simu mchana mmoja. Alikuwa ananong'ona.

"Sabra, laptop yangu hapa nyumbani. Kuna location sikuitengeneza. Inaitwa Ndani."

Sabra aliibana simu sikioni.

"Na kuna kitu kingine. Mtoto wetu, huyu mchanga, hajalia tangu jana. Mke wangu anamshukuru Mungu, anasema leo amelala vizuri. Mimi nimemtazama, Sabra. Anafungua mdomo." Akavuta pumzi. "Niiondoe? Wewe uliniambia umeiondoa ikaenda. Niambie niiondoe."

Bi Mwanahawa alikuwa kwenye mkeka, anatazama ukuta. Na ndani ya simu, nyuma ya pumzi za Gideoni, kwa mbali, Sabra alisikia sauti nzima, ya zamani, yenye nguvu, ikiita: Sabra. Sabra we. Njoo ule, chakula kinapoa.

"Sabra, upo? Niiondoe?"

"Usiiondoe," Sabra alisema. "Ongeza sauti kidogo."