Kamba ya Fundi Mbuthia

Jioni ile nilikuwa na kazi ndogo tu: kumaliza miguu minne ya stuli kabla giza halijaingia. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa themanini na nne, nyumbani kwetu Kaloleni. Mke wangu Nthambi alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya.

Nthambi ana pumu. Vumbi la mbao zangu lilikuwa likimlaza siku mbili, siku tatu, midomo ikigeuka rangi ya majivu. Ndiyo maana nikanunua mashine ya kunyonya vumbi kutoka kwa Waithera, mjane wa fundi Mbuthia wa Baba Dogo. Ilikuwa kuukuu, lakini ilivuta vizuri. Shida ilikuwa kelele. Nikaiweka nje, ndani ya kibanda cha mabati, nikapitisha bomba lake ukutani hadi kwenye kerezo langu la kuchongea miguu ya stuli. Sasa kila nikitaka kuiwasha, sharti nitoke, nizunguke nyumba, nifungue kufuli.

Rafiki yangu Laban, fundi wa stima, alikuja kuangalia.

"Naweza kuvuta waya mpaka hapo unaposimama, tukaweka swichi," alisema. "Lakini hicho kibanda kinavuja. Mvua ikinyesha, hiyo waya itakumaliza. Kuna nyingine ya kutumia mawimbi kama redio, lakini hiyo mpaka uagize ng'ambo."

"Na kamba je?"

Alicheka. "Kamba ni kamba, Muasya. Haichomi mtu."

Akafunga kamba ya nailoni. Ilitoka kwenye swichi kibandani, ikapanda, ikapenya tundu la ukuta, ikaning'inia mbele ya kerezo ikiwa na kishikio cha mti. Ukivuta mara moja, mashine inawaka. Ukivuta tena, inazima.

Jioni ile nikavuta. Mashine ikanguruma. Nikakereza mguu wa kwanza, wa pili. Nikavuta tena, ikazima. Nikawa napangusa mikono...

Kamba ikasogea.

Polepole kishikio kikapanda. Kikapita kifua changu. Kikapita uso wangu. Kikagonga ukuta. Tap.

Mashine ikawaka.

"Nani huko?"

Nikatoka mbio. Kufuli lilikuwa limefungwa, ufunguo umo mfukoni mwangu. Nikafungua. Hapakuwa na mtu. Ila harufu... mafuta ya mikaratusi, yale ya kumpaka mgonjwa kifuani, na shuka za jasho la siku nyingi. Juu ya vumbi palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu. Mbili tu. Vidole vimeelekea ukuta wangu.

Nikazima kwa mkono, nikafunga, nikarudi ndani. Hapo nikasikia kikohozi kwenye tundu la kamba. Kikavu. Kirefu. Halafu sauti ya mtu aliyeishiwa na pumzi:

"Waithera... njoo..."

Ningekimbia. Lakini mlango ulifunguka, Nthambi akaingia akiimba wimbo wao wa Jumapili.

Mashine ikawaka tena.

Wimbo ukakatika. Nthambi akafungua mdomo, lakini hewa haikuingia. Leso yake ya kichwani ikavutwa kuelekea bomba, na yeye yuko hatua sita kutoka hapo. Pumzi yake ilikuwa ikitoka tu. Inatoka... inatoka... Akashika fremu ya mlango, akateleza hadi sakafuni.

Nikaikata kamba kwa patasi. Mashine haikuzima.

Nikaruka kwenye swichi kuu, nikaishusha. Nyumba nzima ikawa giza.

Nje, bado inanguruma.

Sijui maneno niliyatoa wapi. Niliweka mdomo kwenye lile tundu. "Mzee Mbuthia, huyu si Waithera. Huyu ni mke wangu. Nitakupeleka kwa mkeo. Kesho. Naapa."

Ngurumo ikakatika.

Nthambi akavuta pumzi kwa mlio wa mtu anayetolewa majini. Nikamshika hadi asubuhi.

Jumapili mchana mimi na Laban tulipakia mashine kwenye pikapu yake, tukaenda Baba Dogo. Waithera alitoka nje akifuta mikono. Alipoona kipande cha kamba kikining'inia kwenye swichi, akasimama.

"Nani aliwaambia muifunge kamba?"

Nikamweleza yote. Hakushangaa. Alikaa kizingitini.

"Vumbi lilimjaa mapafuni," alisema. "Miezi sita alilala chumba cha nyuma, hata kuita hawezi. Nikamfunga kamba mkononi, upande wangu nikaweka kengele. Akivuta, naenda. Jioni moja akavuta. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nikasema, ngoja kidogo. Akavuta tena. Akavuta tena. Nilihesabu mpaka kengele ikanyamaza."

Akainuka kizingitini.

"Ingizeni ndani," akasema.

Tuliiweka chumba cha nyuma, kando ya kitanda kitupu. Stima ilikuwa imekatwa tangu mazishi. Hata mita ilikuwa imeng'olewa ukutani. Waithera akawasha koroboi. Akachukua ile kamba, akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, akakaza fundo kwa meno.

"Mama, usifanye hivyo," nikamsihi.

"Wewe rudi kwa mke wako."

Tulikuwa tumeingia kwenye pikapu wakati mashine iliponguruma nyuma yetu. Laban akanitazama. Yeye aliuona ule ukuta usio na mita kama nilivyouona.

Kisha Waithera akaita. Mara moja. Halafu tena, kwa sauti nyembamba, ya mtu anayeishiwa na pumzi.

"Twende," Laban akanong'ona.

Watu wa Baba Dogo waliponiuliza baadaye, niliwaambia kwamba sikusikia kitu, injini ya gari ilikuwa na kelele.

Injini ilikuwa bado haijawashwa.