Kona ya Chini ya Turubai

Walikutana kwenye foleni ya duka kubwa mjini Alice Springs, katikati ya Australia, Delvene kakumbatia mkia wa kangaruu ulioganda barafu, sketi yake nyeusi imejaa madoa ya rangi za kuchorea. Rickson, mchunga ng'ombe mwenye kofia pana, alikuwa nyuma yake. Akamuuliza sketi hiyo anaiuza bei gani.

"Huna pesa hiyo," akajibiwa.

Basi wakaanza kupigiana simu, matani mpaka chaji inakata. Marlette, shangazi yake Delvene, alimhoji kijana ngozi yake, yaani lile kundi la kuzaliwa ambalo kwa wenyeji asilia hupanga nani aoane na nani, na nchi ya wazee wake, akaridhika. Ngozi zao zinaoana, na tena, kwa upande wa bibi yake, Rickson ni mlinzi wa nchi ya akina Delvene. Yaani Delvene anaichora, Rickson anaamua kama mchoro utoke.

Hapo ndipo pendo lilipoingia mchanga.

Delvene alikuwa akichora shimo la maji la ukoo wao, kwa ajili ya maonyesho ya Melbourne. Baba yake, ambaye kwa mila yao jina halitajwi tena tangu afe, alifia hospitali ya mjini baada ya miaka ya kusafishwa damu kwa mashine. Siku za mwisho alimsimulia binti mambo ya pale mahali. Hakumwachia urithi mwingine. Akayamwaga yote kwenye turubai.

Asubuhi ya kusafirisha, Rickson akaja uani Delvene na mashangazi zake wanapochorea, akatazama, akavua kofia.

"Hili halitoki. Ile kona ya chini ifunike."

Delvene akamrukia kwa maneno mbele ya mashangazi. Kwamba ana wivu, anaogopa mwanamke ataiona Melbourne amsahau. Kwamba mtu wa kunuka ng'ombe hajui rangi.

"Rangi sijui," Rickson akasema. "Pale napajua."

Akafukuzwa kama mbwa. Turubai likabaki. Kila alipopiga simu, Delvene alipokea ili amtukane tu, kisha anakata. Siku moja Rickson akawahi kabla hajatukanwa.

"Mambo ya kona ile ni siri ya wanaume, mtu hamwambii binti yake hata akiwa anakata roho. Baba yako alipokusimulia, alikuwa anakuita nani?"

Delvene akataka kutukana, akakumbuka.

"Kaka," akasema. "Alikuwa ananiita kaka."

Mzee alidhani anaongea na ndugu yake.

"Kwa hiyo mimi hakuniachia kitu."

"Kakuachia nchi nzima, Delvene. Kasoro kona hiyo."

Kesho yake Delvene alichovya kijiti kwenye rangi nyeupe, akaanza kuifunika kona, nukta kwa nukta, machozi yakidondoka asiyafute. Rickson alisimama nje ya uzio, akiimba chini chini wimbo wa lile shimo la maji, ule unaoruhusiwa kusikiwa na wote. Kona ikajaa weupe.

"Sasa linatoka," akasema.

"Linatoka. Wewe bado nakuchukia."

"Mpaka lini, mpenzi?"

Delvene hakumtazama. Kwa mguu akasukuma ndoo tupu ya rangi, akaipindua karibu yake.

"Ingia ukae. Na usiniongeleshe."